Mtandao Upimwe Mezani pa Mtumiaji: Ushauri kwa Ofisi za Mbeya na Iringa

Swali ambalo maafisa TEHAMA wa halmashauri, vyuo, hospitali na SACCOS za Nyanda za Juu Kusini hulirudia kuliko jingine lolote ni hili: kwa nini wafanyakazi hulalamika kwamba mtandao ni mzito au kwamba mfumo "unazunguka tu", ilhali taa za ruta ni za kijani, mtoa huduma anasema laini haina hitilafu, na grafu ya matumizi haijafika hata nusu ya kasi inayolipiwa? Jibu fupi ni kwamba pande zote mbili zaweza kuwa zinasema kweli, kwa kuwa zinapima mambo mawili tofauti. Ruta huonyesha kama njia ipo, lakini karani aliyekaa dirishani huhesabu muda unaopita tangu abonyeze kitufe hadi namba ya malipo itokee kwenye kioo, na muda huo ndio unaorefusha foleni. Makala haya yanahusu namna ya kuupima muda huo kwa gharama ndogo, na mitego inayowafanya wengi wapime kwa miezi kadhaa bila kupata jibu.

Kazi ichaguliwe kabla ya programu

Kosa la kwanza hutokea kabla kipimo chochote hakijafanyika. Mhusika hupakua programu ya ufuatiliaji, huunganisha ruta na swichi zote, kisha hutazama grafu zikijaa kioo bila kujua ipi inamhusu mfanyakazi yupi. Utaratibu wenye manufaa huanzia upande wa pili, yaani kwa kuorodhesha kazi tatu hadi tano ambazo zikichelewa watu husimama foleni au fedha hukwama. Mifano yake ni hii:

- hospitalini, kumsajili mgonjwa na kuhakiki uanachama wake wa bima;
- kwenye halmashauri, kutengeneza namba ya malipo inayopita katika GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki;
- chuoni, mwanafunzi kufungua ukurasa wa usajili wa masomo katika wiki ambayo kila mwenzake anafanya hivyo;
- kwenye kampuni yenye matawi, karani wa Tunduma au Mafinga kufungua faili lililopo katika seva ya makao makuu yaliyopo Mbeya mjini.

Kila kazi ipewe mwanzo na mwisho unaoonekana kwa macho, kwa mfano kuanzia kubonyeza "hifadhi" hadi namba ya malipo isomeke. Bila mipaka hiyo, wafanyakazi wawili wataipima kazi ileile, mmoja akianza kuhesabu tangu kuandika nywila na mwingine tangu ukurasa ulipofunguka, na majibu yao hayatalinganishika. Kwa wiki mbili za mwanzo saa ya simu na daftari vinatosha, mradi kila mstari uwe na tarehe na saa, jina la kazi, idadi ya sekunde, chumba, na kama kompyuta ilikuwa kwenye kebo au kwenye waifai.

Tahadhari moja ndogo imewapotezea wengi kazi ya wiki nzima. Karani akiandika "saa 4" humaanisha saa nne asubuhi, kompyuta yake huandika 10:00, na programu nyingi za kupimia huhifadhi saa za kimataifa, ambazo zipo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo tukio lilelile husomeka 07:00. Iamuliwe mapema saa ipi itatumika katika kumbukumbu zote, na saa za vifaa zilinganishwe, vinginevyo lalamiko la karani na doa lililopo kwenye grafu havitakutana kamwe.

Namba nne za kuelewa

Nadharia ndefu haihitajiki, ila msomaji asiendelee kabla ya kuzitofautisha namba nne.

- Ucheleweshaji ni muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde.
- Upotevu wa pakiti ni asilimia ya vipande vya data ambavyo havikufika. Hata asilimia moja au mbili huweza kuudhoofisha mfumo, kwa sababu kila kipande kilichopotea hutumwa upya na mtumaji hupunguza kasi.
- Kuyumba ni kubadilikabadilika kwa ucheleweshaji, ambako huonekana zaidi katika simu na mikutano ya video pale sauti inapokatikakatika.
- Upana wa njia ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde, na ndiyo namba pekee inayoandikwa kwa herufi kubwa katika mikataba mingi.

Umbali husaidia kujua namba ipi ni ya kawaida. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilometa zipatazo 830, hivyo safari ya kwenda na kurudi hudai milisekunde zipatazo nane tu. Kwa Iringa, iliyo umbali wa kilometa zipatazo 500, hudai tano. Hata mizunguko ya njia na vifaa vya katikati vikihesabiwa, seva iliyopo Dar es Salaam ikijibu kwa milisekunde 200 kwa ofisi iliyounganishwa na mkongo, kuna jambo la kuulizwa. Mawasiliano kupitia satelaiti zilizopo kilometa 36,000 juu ya ikweta ni habari nyingine, kwani safari hiyo peke yake humaliza karibu nusu sekunde, na hakuna fundi awezaye kuipunguza.

Njia igawanywe vipande

Sehemu hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, kwa sababu lalamiko la "mtandao mzito" halimwambii fundi aende wapi. Kati ya mtumiaji na mfumo anaoutumia kuna vipande kadhaa, na kila kimoja kina mwenyewe: kimoja ni cha ofisi, kingine cha mtoa huduma, kingine cha taasisi yenye mfumo. Vipimwe kwa mpangilio ufuatao, kuanzia karibu kwenda mbali.

1. Kompyuta yenyewe. Kazi ileile ifanywe kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia kebo ileile. Ikiwa ya pili ni nyepesi, mtandao hauna hatia; kumbukumbu ndogo, diski iliyochoka, au programu inayojisasisha kimyakimya saa za kazi ndivyo vinavyotakiwa kuchunguzwa.

2. Kutoka mezani hadi kwenye ruta ya ofisi. Programu ya ping, ambayo imo ndani ya karibu kila kompyuta, itume pakiti 100 kwenye anwani ya ruta. Kwa kebo, majibu yawe ya milisekunde moja au mbili bila upotevu wowote. Kwa waifai huongezeka kidogo, lakini yakiruka hadi mamia, hakuna haja ya kumpigia mtoa huduma. Katika masafa ya gigahetzi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, hivyo jengo lenye ofisi nyingi ambazo kila moja ina kifaa chake cha waifai hujaa kelele upesi. Na katika majengo ya zamani ya mjini Iringa yenye kuta nene za mawe, vyumba viwili tu vinaweza kulimaliza wimbi.

3. Kutoka kwenye ruta hadi kituo cha kwanza cha mtoa huduma. Kipimo hiki kifanyike mara mbili, ofisi ikiwa kimya na ofisi ikiwa na shughuli nyingi. Ikiwa milisekunde 10 za alfajiri hugeuka 500 pindi mtu mmoja anapopandisha mafaili makubwa, tatizo ni foleni ndani ya ruta, na dawa yake ni kupanga foleni hiyo na kuwekea kila mtumiaji kikomo. Ofisi nyingi hununua kasi kubwa zaidi hapa, na baada ya mwezi mmoja hurudi palepale.

4. Ndani ya nchi. Ichaguliwe seva ambayo kwa hakika ipo Tanzania, ikiwezekana ileile ya mfumo unaotumika. Mifumo mingi ya umma huhifadhiwa katika vituo vya data vya nchini, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

5. Nje ya nchi. Seva ya Ulaya kwa kawaida hujibu baada ya zaidi ya milisekunde 100, na jambo hilo si hitilafu. Ukurasa unaohitaji mazungumzo 40 ya kwenda na kurudi, kila moja la milisekunde 150, utatumia sekunde sita hata kama ofisi ingenunua kasi mara kumi.

6. DNS. Huu ni mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ukichelewa, kila tovuti huchelewa kuanza lakini ikishaanza hukimbia vizuri, na dalili hiyo ni rahisi kuitambua.

7. Seva ya mfumo. Vipande vyote sita vikiwa safi na ukurasa bado unachukua sekunde 20, zana zilizomo ndani ya kivinjari, zinazofunguliwa kwa kitufe cha F12, huonyesha muda ambao kivinjari kilikaa kikisubiri jibu la kwanza. Muda huo ukiwa mrefu, mwenye mfumo ndiye wa kuandikiwa.

Sababu ya kutenganisha kipande cha nne na cha tano ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, wakati mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zikapata huduma hafifu ya intaneti. Mfumo uliohifadhiwa Dar es Salaam hauhitaji kupita baharini ili kumfikia mtu wa Mbeya, lakini ofisi iliyoelekeza DNS yake kwenye seva inayojibu kutoka nje ya nchi ingeweza kuukosa hata mfumo huo. Ofisi yenye grafu mbili, moja ya ndani na moja ya nje, hutambua tofauti hiyo ndani ya dakika chache na kuwaeleza watumishi kazi zipi zinaweza kuendelea.

Kipimo kijiendeshe chenyewe

Daftari huchosha, na mfanyakazi mwenye wateja kumi mbele yake hatakumbuka kuandika sekunde. Baada ya wiki mbili, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au hata kompyuta kuukuu iliyostaafishwa, iwekwe mahali watumiaji walipo, wala si ndani ya chumba cha seva, kwa sababu kifaa kilichofungwa kando ya ruta hupima maisha ya ruta. Ofisi ikiwa inatumia waifai, kifaa nacho kitumie waifai ileile.

Programu za bure zinazotosha kwa kazi hii zipo. SmokePing huchora ucheleweshaji pamoja na kuyumba kwake kwa miezi mingi. Mtr huonyesha vituo vyote vya njiani na upotevu katika kila kimoja. Uptime Kuma hujaribu kufungua ukurasa wa mfumo kila baada ya muda na kutuma taarifa unapokwama. Iperf3 hupima upana kati ya ofisi na tawi lake. Wenye matawi mengi huweza kuongeza Zabbix, ingawa kwa ofisi ya watu 30 ni mzigo mkubwa kuliko faida yake. Kipimo cha upana kisirudiwe kila dakika tano, kwani chenyewe hujaza njia na kuwa sababu ya malalamiko yanayochunguzwa. Mara mbili au tatu kwa siku hutosha, tena katika saa ambazo hazina msongamano isipokuwa msongamano wenyewe ndio unaotafutwa.

Kifaa hicho kiwe kwenye UPS, pamoja na swichi na ruta. Umeme ukikatika kwa sekunde tatu, swichi isiyo na UPS huanza kuwaka upya na kuchukua dakika kadhaa, na kwa mtumiaji zile ni dakika za "mtandao umekatika" ingawa mtoa huduma hatakuwa na rekodi yoyote ya hitilafu.

Majira yasisahaulike

Vipimo vya Julai pekee havielezi mwaka wa Nyanda za Juu. Mvua huanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo radi huunguza vifaa visivyo na ardhi nzuri, na mvua kubwa hufifisha mawimbi ya minara inayotumia masafa ya juu, hasa yanayozidi gigahetzi 10. Ofisi inayopata huduma kwa mnara badala ya mkongo iweke rekodi ya mvua kando ya grafu yake. Kazi za barabara nazo zihesabiwe: palipo na uchimbaji kando ya barabara ya TANZAM, kama upanuzi wa njia nne kati ya Uyole na Ifisi, kebo zilizofukiwa zipo hatarini, na ni busara kuwa na laini ya pili inayopita njia nyingine kabisa. Laini mbili za kampuni mbili zinazopita katika mtaro mmoja ni laini moja yenye ankara mbili.

Yapo pia majira ya kazi: kuelekea tarehe 30 Juni mwaka wa fedha wa Serikali unapofungwa, kuelekea tarehe 20 ya kila mwezi ritani za VAT zinapowasilishwa, na wiki za usajili vyuoni. Katika siku hizo mfumo wenyewe huweza kulemewa nchi nzima, na ofisi isiyoweka alama hizo kwenye grafu zake itambadilisha mtoa huduma bure.

Makosa yanayorudiwa

- *Kuamini wastani.* Katika miamala 20, ikiwa 18 ilichukua sekunde 3 na miwili ikachukua sekunde 60, wastani ni sekunde 8.7, muda ambao hakuna mteja hata mmoja aliyeusubiri. Itazamwe thamani ya kati pamoja na muda ambao asilimia 95 ya miamala haikuuvuka.
- *Kuogopa kila upotevu wa njiani.* Baadhi ya ruta za watoa huduma huzipa pakiti za ping kipaumbele cha mwisho. Kituo cha katikati kikionyesha upotevu wa asilimia 40 ilhali cha mwisho hakina upotevu, njia ni nzima.
- *Kupima saa mbili usiku,* fundi anapopata nafasi, ilhali malalamiko ni ya saa nne asubuhi.
- *Kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.* Ruta mpya na kasi mpya zikiingia siku moja, haitajulikana ipi iliyosaidia.
- *Kupima kwa tovuti za kupima kasi pekee.* Tovuti hizo mara nyingi huchagua seva ya karibu, pengine iliyomo ndani ya mtandao wa mtoa huduma huyohuyo.

Pingamizi za kawaida

*"Mbona YouTube inacheza vizuri? Basi mtandao ni mzima."* Video maarufu mara nyingi huhifadhiwa karibu na watazamaji, ndani ya mitandao ya watoa huduma, tena programu ya kuchezesha video huhifadhi sekunde nyingi mbele kabla ya kuonyesha, hivyo huvumilia ucheleweshaji ambao mfumo wa miamala hauuvumilii. Video haithibitishi lolote kuhusu mfumo wa malipo.

*"Hakuna fedha za ufuatiliaji."* Daftari, ping na zana za kivinjari hazinunuliwi. Kinachohitajika ni mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa maandishi na saa moja kila wiki ya kusoma rekodi. Bila mtu huyo, hata programu ya gharama kubwa hugeuka pambo la ukutani.

*"Wafanyakazi watadhani wanapelelezwa."* Wasiwasi huu una msingi, na usipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huihusu ofisi inayokusanya taarifa za watu. Kipimo kihifadhi muda wa kazi na jina la chumba, kisihifadhi jina la mtu wala kurasa alizotembelea, na wafanyakazi waelezwe kabla kifaa hakijawashwa. Rekodi hizo zisitumike kamwe kupima bidii ya karani. Mara moja tu zikitumika hivyo, hakuna atakayeandika ukweli tena.

Namba moja kwa ajili ya uongozi

Meneja hana muda wa kusoma grafu kumi. Kipimo kiitwacho Apdex humpa namba moja kati ya 0 na 1. Ofisi huamua kwanza muda unaoridhisha kwa kila kazi, tuseme sekunde 4. Miamala iliyokamilika ndani ya muda huo huhesabiwa kamili, ile isiyozidi mara nne ya muda huo, yaani sekunde 16, huhesabiwa nusu, na iliyobaki huhesabiwa sifuri. Ikiwa kati ya miamala 100, 60 iliridhisha, 30 ilivumilika na 10 ilishindwa, jibu ni 60 na 15 kugawanya kwa 100, yaani 0.75. Namba hii itolewe kwa kila kazi na kwa kila tawi. Ikiunganishwa kuwa ya kampuni nzima, shida ya Tunduma itafichwa na wepesi wa Mbeya mjini.

Lalamiko linalojibiwa

Barua inayosema "mtandao ni mbovu" hurudi na jibu la "tumekagua, laini ni nzima". Lalamiko lenye nguvu huwa na tarehe na saa za matukio yasiyopungua matatu, kipande cha njia kilichopimwa, matokeo ya mtr kutoka ofisini wakati wa tukio na wakati wa utulivu, uthibitisho kwamba kipande cha ndani ya ofisi kilikuwa safi, na namba ya kumbukumbu ya kila simu iliyopigwa awali. Lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Lisipopatiwa ufumbuzi, ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya na hupokea malalamiko ya watumiaji yaliyokwisha kupita hatua hiyo.

Mkataba unapofika wakati wa kuhuishwa, zisomwe kwanza rekodi za miezi ya mvua, kisha vidaiwe vifungu ambavyo mikataba mingi haina: ucheleweshaji wa juu kabisa hadi seva iliyotajwa kwa jina ndani ya nchi, asilimia ya upotevu isiyovukwa, muda wa kurejesha huduma unaohesabiwa tangu mteja atoe taarifa, na kifungu kinachosema kwamba vipimo vya kifaa kilichopo ofisini kwa mteja vitakubaliwa na pande zote mbili kama ushahidi. Mtoa huduma akikataa vifungu vyote vinne, ofisi iombe angalau hicho cha mwisho.